Walimu mnaokuja Marekani, Kiingereza peke yake hakitoshi

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Houston, Texas. Nimekuwa nafatilia huu mjadala kwenye ukurasa wenu wa barua kuhusu walimu wetu wanaotafuta ajira Marekani, na kila anayeandika anaongelea viza, mshahara, kodi ya nyumba na mtihani wa Kiingereza. Sawa, yote hayo ni kweli na mi mwenyewe niliyapitia. Ila kuna jambo sijaona hata mmoja amelisema, na ndo litakalokukuta wiki ya kwanza tu ukishakabidhiwa darasa. Wazazi wa nusu ya wanafunzi wako, au zaidi, hutaweza kuongea nao. Kiingereza chako kiwe kimenyooka namna gani, utapiga simu nyumbani kwa mtoto, mama atapokea, utajitambulisha vizuri kabisa, upande wa pili kimya, afu utasikia anamwita mtoto aje aongee na mwalimu wake mwenyewe.

Kwahiyo naomba nafasi nieleze hii habari ya Kihispania, maana nimejifunza kwa ajili ya kuongea na wazazi na sasa naona ni sehemu ya kazi kama vile kusahihisha madaftari. Na nina ugomvi kidogo na wale wanaosema siku hizi kuna simu za kutafsiri, ya nini kujisumbua.

Nafundisha hesabu, watoto wa darasa la 6 mpaka la 8, eneo linaitwa Gulfton, kusini magharibi mwa jiji. Ukija usitegemee ile Marekani ya kwenye tivii, nyumba moja moja na majani yamekatwa. Huku ni maghorofa ya kupanga yamebanana, watu wengi sana, wengine familia mbili kwenye vyumba viwili. Wametoka El Salvador, Honduras, Guatemala, Mexico, siku hizi na Venezuela pia. Katikati yao kuna Waafghani, Waburma, na ndugu zetu Wakongo waliokuja kama wakimbizi, nitawafikia. Lugha ya mtaani ni Kihispania. Duka la mikate, fundi matairi, kanisa, redio ya kwenye gari inayopita, vyote Kihispania, mtu anaweza akaishi pale miaka na Kiingereza asikihitaji mpaka siku anaitwa shuleni.

Na sio Gulfton peke yake. Kwenye shule za serikali Marekani nzima kuna watoto zaidi ya milioni 5 ambao wanahesabika kama bado wanajifunza Kiingereza, na karibu robo tatu ya hao nyumbani wanaongea Kihispania. Texas peke yake ina zaidi ya milioni moja ya watoto wa aina hiyo. Halafu angalia shule zinazoajiri walimu wa nje kwa viza ya J-1, ile ya kubadilishana, miaka mitatu na ukibahatika unaongezewa mpaka miwili. Wanaajiri nje kwa sababu wenyeji hawapatikani wa kutosha, na mara nyingi ni shule za mitaa kama huu wangu. Yaani uwezekano mkubwa mwalimu kutoka Moshi au Kakamega ataangukia kwa watoto hawahawa.

Sasa niwape historia kidogo kwa sababu inachekesha na inauma. Texas mwaka 1918 walitunga sheria kwamba mwalimu akifundisha kwa lugha nyingine zaidi ya Kiingereza ni kosa la jinai, na hiyo sheria ilidumu mpaka 1969. Watoto wa Kimeksiko walichapwa kwa kuongea Kihispania uwanjani. Wenzangu mliosoma Kenya na kile kibao cha kuvishwa shingoni ukikutwa unaongea lugha ya nyumbani mnaelewa naongelea nini, na hata sisi Tanzania kwenye baadhi ya shule za sekondari ukikutwa unaongea Kiswahili ulikuwa unaisoma namba. Mmoja wa walimu wa zama hizo huku alikuwa kijana anaitwa Lyndon Johnson, mwaka 1928 alikwenda kufundisha shule ya watoto wa Kimeksiko mji mdogo wa Cotulla, kusini mwa Texas, na yeye naye alikuwa anakataza Kihispania. Huyo kijana ndo baadaye akawa rais. Mwezi Machi 1965 akihutubia Bunge kuhusu haki ya watu weusi kupiga kura alirudi kwenye hiyo shule ya Cotulla, akasema wanafunzi wake walikuwa maskini, mara nyingi wanakuja darasani bila kula asubuhi, wachache tu wanajua Kiingereza na yeye Kihispania hakukijua sana. Rais anasema hivyo mbele ya Bunge zima! Na Januari 1968 ndiye aliyetia sahihi sheria ya kwanza ya serikali kuu ya kutoa hela kwa elimu ya lugha mbili. Mi huwa najiuliza kama angekijua Kihispania kule Cotulla angepata kusikia nini kutoka kwa wale wazazi, miaka arobaini mapema.

Basi turudi kwenye simu. Mwanzoni na mimi nilikuwa natumia hizi programu, kuna ClassDojo, kuna TalkingPoints, unaandika Kiingereza mzazi anapata Kihispania, anajibu Kihispania unapata Kiingereza. Sizikatai, kwa kutangaza kwamba kesho shule imefungwa sababu ya upepo au kwamba kuna safari ya makumbusho zinafaa sana. Lakini kuna wazazi hawasomi vizuri, wengine waliishia darasa la 3 sababu ya kazi za shamba au sababu ya vita, El Salvador walipigana miaka 12 mpaka 1992 na Guatemala miaka 36 mpaka 1996, wewe unamtumia aya nzima ya maandishi ya kiofisi anaiangalia anaweka simu mfukoni. Wanachopenda ni voisi. WhatsApp ya voisi, kama sisi tu! Mama anaosha vyombo anakutumia voisi ya dakika tatu, mtoto mchanga analia nyuma, televisheni inaongea, na humohumo ndani kuna sababu kamili kwa nini mwanae hajafanya hesabu wiki nzima. Mashine inakutolea mstari mmoja na nusu. Wewe ukisikiliza mwenyewe unasikia amechoka, unasikia pale alipositasita kabla ya kusema baba hayupo.

Na mtoto kutafsiri, hapo ndo pana vituko. Siku ya wazazi unakaa meza moja na mama na kijana wake wa darasa la 7, unasema mwanao ana akili ila hakabidhi kazi, amepata 52 na kupita hapa Texas ni 70, kijana anageuka anamwambia mama kwa sauti ya upole kabisa maneno kama sita hivi. Sentensi yangu ilikuwa ndefu! Mama anatabasamu, ananishika mkono, anashukuru. Walimu wote wa huku wana stori ya namna hii na kila mmoja anadhani ya kwake ndo kali.

Lakini upande mwingine wa hilo hauchekeshi. Nilikuwa na mwanafunzi, binti, miaka 12, makini sana kwenye sehemu na desimali, ila alikuwa anakosa shule kila baada ya siku kadhaa bila mpangilio, na kwenye mfumo inaandikwa mtoro. Ofisi ikatuma barua, ikatuma barua ya pili, hakuna jibu. Wakati huo Kihispania changu kilikuwa kimeanza kushika nikapiga mwenyewe, jioni baada ya saa moja maana mama alikuwa anafanya usafi maofisini na mchana analala. Tukaongea polepole. Kumbe binti ndo mkalimani wa ukoo mzima. Bibi akienda kliniki ya sukari anakwenda naye, mjomba akiitwa na wakili anakwenda naye, mwenye nyumba akileta notisi ya kodi ni yeye anaisoma. Mtoto wa miaka 12 anamwambia bibi yake figo zimeanza kuchoka. Na mama hakujua kwamba kliniki inatakiwa kuleta mkalimani wake bure, hospitali zinazopokea hela ya serikali kuu haziruhusiwi kumtegemea mtoto mdogo kutafsiri ukiacha dharura. Mi nilijua sababu ya kusoma matangazo ukutani tu wakati nasubiri zamu yangu kwa daktari. Nikamwambia, akauliza mara mbili kama nina uhakika, wiki zilizofuata yule binti akawa haonekani tena kwenye orodha ya watoro. Sio kwamba nilifanya la ajabu. Ile habari ilikuwepo siku zote kwenye kichwa cha mama, ilikuwa inasubiri mtu wa kuuliza kwa lugha yake.

Nilivyojifunza sasa, maana najua mtauliza. Nilianza na Duolingo, ile programu ya simu ya kujifunza lugha, kama kila mtu, ikanifundisha kusema dubu anakunywa bia au kitu kama hicho, nikaona hapa sipati mzazi. Kilichonisaidia ni watu. Wale akina mama wa kantini ya shuleni na mzee wa usafi, wote Wasalvador, nikawa naingia mapema asubuhi nakaa nao kabla ya kengele. Yule mzee alikuwa mwalimu wangu kwelikweli, hakuwa na huruma, nikikosea kitenzi ananirudisha mpaka niseme sawa, kisha ananiuliza habari za simba wa Tanzania kana kwamba tunafuga. Jumapili nikahamia misa ya Kihispania, misa ni ileile unajua wapi pa kusimama na wapi pa kukaa kwahiyo masikio yanapata kazi moja tu. Na redio, mpira hasa, ukishaweza kufuata mtangazaji wa mpira wa Kihispania hakuna mzazi atakayeongea haraka kukuzidi.

Na niwaambie ukweli, mtu anayeongea Kiswahili ameanza mbele ya Mmarekani kwa hatua nyingi. Irabu zao ni zetu, a e i o u, zinasomeka hivyohivyo bila ujanja, wenzangu Wamarekani wanahangaika na hizo mwaka mzima. Ile n yenye kiwimbi juu ni ny yetu ya nyama. Wao nomino zina jinsia mbili, ya kiume na ya kike, wenzangu darasani walilalamika hadi machozi, mi nimekua na ngeli za ki-vi na li-ya na u-zi, mbili utanitishia nini. Meza ni mesa na bendera ni bandera, hayo sisi tuliachiwa na Wareno pwani na lugha zao mbili ni ndugu. Kinachosumbua ni vitenzi, mtu na wakati vyote vinakaa mkiani mwa neno wakati sisi tunaweka mbele, na kuna ile hali ya kutaka au kutilia shaka ambapo mwisho unageuka tena, hiyo bado inanishinda mpaka leo ila mzazi anaelewa tu.

Heshima ndo usiifanyie mzaha. Wana namna mbili za kusema wewe, na mzazi unamwita usted, hata kama ni mdogo kwako kwa umri. Wamarekani wengi wanaojifunza wanarukia ile ya kirafiki maana kwao kila mtu ni rafiki, mama anavumilia. Sisi tuliokuzwa na shikamoo hatuhitaji kufundishwa hilo. Unaanza na salamu, unauliza familia, unauliza afya, ndo unaingia kwenye jambo. Mwenzangu mmoja mzungu, mtu mwema kabisa, alikuwa anapiga simu na sentensi ya kwanza tu ni mwanao hajakabidhi kazi tatu. Hawakuwa wanampokea mara ya pili.

Halafu kuna siri moja ya simu, mzee wa usafi alinifundisha. Mzazi akiona namba ya shule moyo unapasuka, hasa sasa hivi. Kwahiyo kabla ya chochote unasema mtoto yuko salama, hakuna baya. Wakati mwingine unapiga kwa habari nzuri tu basi, mwanao leo amewaelekeza wenzake kwenye ubao, asante, kwaheri. Baba mmoja fundi wa mapaa, nilimpata saa ya chakula yuko juu ya nyumba nasikia nyundo, nikamwambia hivyo tu, akakaa kimya, nikadhani simu imekatika. Akaniuliza, na tabia yake je? Hilo ndo swali la kwanza la wazazi hawa karibu wote, kabla ya maksi wanataka kujua anajiheshimu, anawaheshimu wakubwa, anasalimia. Mkiniuliza mimi hawa ni watu wa Tanga waliozaliwa upande mwingine wa dunia.

Wengine hata kwa sura. Kuna mama mmoja mara ya kwanza kumuona korido nilijua huyu wa Pemba kabisa, nikamsalimia Kiswahili kwa furaha, akanijibu Kihispania. Ni Mgarifuna wa Honduras, watu wa asili ya Kiafrika na Wahindi Wekundu wa visiwani, Waingereza waliwahamisha kwa nguvu kutoka kisiwa cha St. Vincent mwaka 1797 wakawatupa Roatán, na mpaka leo wana lugha yao. Tukacheka sana. Sasa tukikutana ananiita binamu.

Na hapo nifike kwenye jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba Kihispania chenyewe kwa baadhi ya wazazi ni lugha ya pili. Guatemala ina lugha za Kimaya 22, kuna Kimam, Kik'iche', Kiq'anjob'al, na wengi wanaokuja huku wametoka milimani wanakoongea hizo. Kuna mama alikuwa ananijibu sí tu, sí, sí, kila kitu sí, nikadhani Kihispania changu ndo kibovu. Mwanae akaniambia mwalimu, mama haelewi sana, sisi nyumbani tunaongea Kimam. Shule imejaza fomu kwamba anaongea Kihispania, imeleta mkalimani wa Kihispania, imeweka tiki, na yule mama amekaa kikao kizima hajui kinaendelea nini. Ni sawasawa na ukamchukua bibi wa Kidatoga ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni ukamsomea ripoti ya mtoto kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Kwa hiyo nasema jifunze lugha ya mzazi lakini kwanza uliza ni ipi.

Sasa wapo watakaosema, ikiwa mwalimu anajua Kihispania basi shule haina haja ya kulipa mkalimani, mwalimu atafanya yote. Hapana! Hili nalisema kwa herufi kubwa na nimegombana nalo kikaoni. Kuna vikao ambavyo siwezi na sitaki kutafsiri, kikao cha mtoto mwenye ulemavu wa kujifunza kwa mfano, ambapo mzazi anatia sahihi mpango wa mwaka mzima. Sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ambayo mizizi yake ni ya 1975, inaitaka shule ihakikishe mzazi anaelewa kinachoendelea kikaoni, ikibidi kwa kumletea mkalimani, na ile taarifa ya maandishi kuhusu uamuzi wowote apewe kwa lugha yake. Mi nimekuja pale kama mwalimu nina maoni yangu kuhusu mtoto, nikiwa natafsiri nani atasema maoni yangu. Na maneno ya kitaalamu yana uzito, ukikosea moja umebadilisha maisha ya mtu. Kihispania changu ni cha simu ya jioni na cha getini, kwa kazi hiyo kinatosha sana.

Na mambo yamekuwa magumu zaidi mwaka 2025. Tarehe 1 Machi Rais Trump alitia sahihi amri kwamba Kiingereza ndo lugha rasmi ya nchi, na akaifuta amri ya mwaka 2000 iliyokuwa inazitaka idara za serikali ziwasaidie wasiojua Kiingereza. Watu mtaani wakaelewa kwamba wakalimani wamepigwa marufuku, wazazi wakaanza kuogopa hata kuuliza. Sio hivyo. Sheria ya haki za raia ya 1964 ipo palepale, ile inayokataza ubaguzi wa asili ya mtu kwenye taasisi zinazopokea hela ya serikali kuu, na ni kwa hiyohiyo Mahakama ya Juu kabisa ya nchi mwaka 1974 iliamua kesi ya Lau, watoto wa Kichina wa San Francisco, karibu 1,800 walikuwa wanakalishwa darasani bila msaada wowote wa lugha. Amri ya rais haifuti sheria ya Bunge. Kabla ya hapo, Januari, ilishaondolewa ile miongozo ya kuwazuia maafisa wa uhamiaji wasiingie mashuleni na makanisani, na hapo ndo niliona viti vitupu darasani asubuhi. Nilikaa na simu jioni nyingi. Sina cha kuahidi, siwezi kusema hawatakuja, ninachoweza kusema ni kwamba shule haiulizi karatasi za mtu, na haiwezi kumkatalia mtoto, hiyo nayo iliamuliwa mwaka 1982 kwenye kesi iliyoanzia Tyler, hapahapa Texas, ambako walitaka kuwatoza ada watoto wasio na vibali. Kulisema hilo kwa sauti yangu mwenyewe, kwa Kihispania chenye lafudhi ya Morogoro, kwa mtu anayetetemeka, sidhani kama programu ya simu ingeweza. Kuna baba alinijibu, mwalimu na wewe si mgeni kama sisi? Nikamwambia ndiyo. Kesho yake watoto wake walikuja.

Nimalizie na Wakongo, maana najua gazeti lenu linasomwa na ndugu zetu huku pia. Mwaka 2018 na 2019 Kongo ndo iliongoza kwa wakimbizi waliopokelewa Marekani kuliko nchi nyingine yoyote, wengi wamepitia kambi kama Nyarugusu kule Kigoma, wapo Houston, wapo Louisville, wapo Des Moines, wapo Phoenix. Nao wanapata yaleyale ya wazazi wanaoongea Kihispania, tofauti ni kwamba wao ni wachache kwahiyo wanasahaulika. Nimeona kwa macho yangu familia ya Kiswahili inapewa barua ya shule upande mmoja Kiingereza upande wa pili Kihispania, basi, chagua. Mimi nikiwepo naitwa korido hii na ile, mwalimu njoo utusaidie, na nakwenda, ingawa kuna siku niliitwa kwa mama ambaye Kiswahili hana, ana Kibembe, yaani nilijikuta mbele ya mama wa Kimam mwingine kabisa.

Wazazi wa Kiswahili mliopo huku, siku ya kuandikisha mtoto mtapewa fomu inauliza lugha gani inaongewa nyumbani. Andikeni Kiswahili. Au Kibembe, au Kinyarwanda, chochote ambacho ndo kweli. Kuna wanaoandika Kiingereza kwa kuogopa mtoto ataonekana mjinga, au anajaza jirani kwa haraka, na baada ya hapo kila kitu kinakuja Kiingereza na mkiuliza mnaambiwa mlisema wenyewe. Na mkiitwa kikaoni semeni mapema tunataka mkalimani wa Kiswahili, ni bure, hata kama ni wa kwenye simu, na mtoto wenu msimkubali kuwa mkalimani hata kama yeye mwenyewe anajitolea kwa shauku, hasa akijitolea kwa shauku.

Na nyie walimu ambao mmeshapata mkataba na mnasubiri tarehe ya ubalozi, hiyo miezi ya kusubiri msiimalizie kwenye makundi ya WhatsApp kuulizana bei ya koti. Anzeni na namba, siku za wiki, saa, na majina ya masomo, maana simu nyingi za wazazi ni hizo, lini na saa ngapi. Jifunzeni pia kwamba mtoto ana majina mawili ya ukoo, la kwanza la baba na la pili la mama, García López ni García, kompyuta za shule zinapenda kuligeuza lile la kwanza kuwa jina la katikati, na ukimwita baba yake bwana López umemwita kwa ukoo wa mkewe. Mkifika muulizeni mtu wa kantini anatokea wapi. Kama kuna anayetaka sentensi zangu za simu, za kufungulia na za kufungia maongezi, nimemwachia mhariri barua pepe yangu, nitazituma kwa voisi ili msikie na matamshi, bila malipo.

Wenu,
Mwalimu wa hesabu
Houston, Texas
(jina langu mhariri analo, naomba lisichapwe kwa sababu ya wanafunzi wangu)